Dripu ya Crohn imenituliza tumbo, sasa viganja vinatoa usaha na nywele zinang'oka. Niache dawa?

#1 | MamaNaila | Dar es Salaam

Habari za jioni wana jukwaa. Nimekuwa nikisoma tu humu, leo nimejiandikisha kwa kuwa nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi.

Nina miaka 31. Ugonjwa wa Crohn, ule uvimbe wa kudumu kwenye utumbo, uligunduliwa nikiwa na 26, baada ya miaka miwili ya kutibiwa amiba, kisha taifodi, kisha kuambiwa ni mawazo. Kipimo cha kamera ndicho kilichomaliza ubishi. Nilianza na prednisoloni, nikaongezewa azathioprini ya kupunguza kinga ya mwili, na mwaka jana nikaanzishiwa dripu za infliksimabu: wiki ya 0, ya 2, ya 6, halafu kila baada ya wiki 8. Jamani, hii dawa imenirudishia maisha. Kilo 9 zimerudi. Nakula maharage. Naenda harusini bila kutafuta choo kilipo kabla ya kusalimia watu.

Sasa tatizo. Baada ya dripu ya nane, msusi wangu alikuwa ananifumua nywele, akanyamaza, kisha akaniita pembeni akaniambia, "Dada, kichwani kuna magamba mazito na nywele zinatoka nayo." Wiki mbili baadaye vikaanza viganja: vijipele vidogo vya usaha wa manjano, vikikauka vinakuwa kahawia, ngozi inachanika. Nyayo hivyo hivyo. Kufua siwezi. Kukata limao siwezi. Mwanangu ana miaka mitatu, akinishika mkono naumia na ninajizuia nisiutoe asije akadhani namkataa.

Duka la dawa wamenipa krimu ya mchanganyiko, ile ya tyubu moja yenye kila kitu ndani. Zahanati moja wameniambia fangasi, nimemeza flukonazoli wiki sita. Pengine nimeambiwa ni sumu ya dripu inatafuta pa kutokea. Mama mkwe anasema niache hiyo dripu kabla haijaniua. Ya kumi nimepata wiki tatu zilizopita, inayofuata ni baada ya wiki tano.

Naomba aliyepitia haya aniambie. Niache?

---

#2 | Mnyakyusa_wa_Kyela

Pole sana dada. Mimi si daktari, ila dawa ikishaanza kukutoa vipele namna hiyo mwili umeikataa. Ningekuwa wewe ningeipumzisha hata miezi minne, nikaoga maji ya mwarobaini, ngozi ikitulia ndipo narudi.

---

#3 | BintSalim | Muscat

Assalaamu alaykum. Dada MamaNaila pole, Mwenyezi Mungu akuondoshee. Kaka wa Kyela, najua umeandika kwa huruma, lakini hilo la miezi minne siwezi kulipita kimya. Nimezaliwa Unguja, nauguza huku Muscat mwaka wa 11 sasa, na chumba chetu ndicho kinachotundika dripu hizi.

Infliksimabu ni protini, na kipande chake asili yake ni panya. Mwili unaijua kuwa mgeni. Ukiipata kwa mpangilio wake, mwili hutulia nayo. Ukiiacha miezi mingi kisha ukairudia, mwili unakuwa umeshaandaa kingamwili za kuipinga, na siku ya kurudi ndiyo inayotutia hofu sisi tuliosimama kando ya kitanda: mabaka yaliyoinuka yanayowasha mwili mzima, uso kupata joto, kifua kubana, presha kushuka. Mwengine haoni kitu siku ile, ila kati ya siku ya 3 na ya 12 anaamka na homa, vipele, viungo na taya vinauma hata kutafuna shida. Hiyo azathioprini unayomeza nayo inasaidia kuzuia kingamwili hizo, kwa hiyo hata hiyo usiipunguze kwa shauri lako.

Mgonjwa akianza kuwashwa dripu ikiwa mkononi tunaisimamisha, tunampa dawa ya mzio, parasetamoli, pengine haidrokotisoni, halafu daktari akiridhia tunairudisha polepole. Midomo ikivimba au pumzi ikikata, hapo hairudi. Ni adrenalini na daktari mbio.

Lakini ulichokieleza wewe, dada, hakifanani na hivi. Mzio wa dripu huja kwa saa au kwa siku. Wako umekuja baada ya miezi kumi na zaidi, viganja, nyayo na kichwa, na usaha. Nimewahi kuwaona watatu wanne wa namna hiyo na ninalo jina kichwani, ila namwachia mwenye elimu ya ngozi alitaje.

---

#4 | Kip_Eldoret

Pole sana dadangu. Mimi natumia adalimumab... samahani, kwa Kiswahili wenzangu humu wanaandika adalimumabu, dawa ya kundi moja na infliksimabu. Najidunga tumboni kila wiki mbili. Ya kwangu ilikuwa ndogo: kila nikidunga, mahali pale panavimba, panawasha siku tatu na kuacha alama nyeusi. Nesi akanifundisha nitoe sindano kwenye friji nusu saa kabla, nisiipashe kwa maji moto wala jua, nisubiri spiriti ikauke kwenye ngozi, nisirudie pahali pamoja: leo paja la kulia, wiki ijayo ya zamu la kushoto, halafu tumbo. Pia kuna aina isiyo na sitreti ndani, hiyo haichomi sana. Tangu hapo sina shida. Lakini ya usaha kwa viganja sijaiona. Nangojea kusoma.

---

#5 | DaktariNgozi_Moshi

Wanajukwaa salaam. Mimi ni daktari wa ngozi, nimesomea hospitali ya KCMC pale Moshi, kwenye kile chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992. Siwezi kumpima mtu kupitia maandishi. MamaNaila anahitaji kuonwa, na nitaeleza kwa nini nasema aonwe wiki hii badala ya kungoja hizo tano.

Maelezo yako yanafanana sana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, inayoletwa na dawa za kundi la infliksimabu na adalimumabu. Tunaiita soriasisi kinyume, kwa sababu dawa hizo hizo tunawapa wagonjwa wa soriasisi ili wapone. Mgonjwa wa tumbo anapewa, tumbo linatulia, halafu ngozi inaota kile ambacho dawa ilipaswa kukifuta. Ni jambo linalojulikana, limeandikwa miaka mingi, na humpata mgonjwa mmoja mmoja kati ya wengi; wanawake na wavutaji sigara zaidi kidogo.

Hivi ndivyo inavyotokea. Mwilini kuna mjumbe anaitwa TNF anayewasha moto wa uvimbe. Kwenye utumbo wako alikuwa anawasha moto usiozimika, na dripu inamfunga mdomo. Lakini mjumbe huyo huyo ana kazi ya pili: anawatuliza askari fulani wa ngozi wanaotoa kitu kinaitwa interferoni alfa. Akifungwa mdomo, wale askari hukosa wa kuwaambia basi. Wanaendelea kutoa, ngozi inaanza kujizalisha haraka kupita kiasi, magamba yanarundikana, na viganjani usaha unatokea. Usaha huo hauna wadudu. Ukipelekwa maabara mara nyingi hauoti chochote, ndiyo maana dawa za bakteria na za fangasi haziufanyi kitu.

Mahali panapopendwa: kichwani, nyuma ya masikio, kitovuni, kwapani, chini ya matiti, kinenani, viganjani na nyayoni. Inaweza kuja wiki chache baada ya kuanza dawa au baada ya miaka. Na wengi inawapata wakati tumbo limetulia kabisa, kwa hiyo haimaanishi Crohn imerudi.

Sasa hili naomba mlisome taratibu, kwa sababu ndilo linaloniumiza kila wiki kliniki. Vitabu vingi vya ngozi vimepigwa picha kwenye ngozi nyeupe. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani hivyo. Soriasisi kwetu ni zambarau, ni kijivu, ni kahawia iliyokoza, na gamba juu yake linaonekana kama jivu. Anayetafuta wekundu hauoni, anaona magamba, anaandika fangasi. Na wakati anaandika, kipimo cha kutofautisha kipo na ni cha bei ndogo: unakwangua magamba kidogo, unadondoshea potashi, unaweka kwenye hadubini. Kama kuna fangasi utaona nyuzi zake. Ni kazi ya siku hiyo hiyo.

Zile krimu za mchanganyiko zina steroidi kali, dawa ya fangasi na ya bakteria pamoja. Steroidi inatuliza chochote kwa wiki moja, mgonjwa anafurahi, kisha inarudi kwa hasira. Kama ni fangasi kweli, steroidi inaificha na kuitanua. Kama ni soriasisi, unapaka nusu dozi ya dawa sahihi kwa jina lisilo sahihi. Usoni zinachubua. MamaNaila, acha kupaka chochote dukani walichokupa ili siku ya kukwanguliwa kipimo kiseme kweli.

Matibabu yapo kwa ngazi. Kiganja chako pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya ngozi yote ya mwili wako. Tunakitumia kama rula. Ikiwa vidonda vyote havifiki viganja vitano, kwa kawaida dripu inaendelea na tunatibu ngozi: marhamu ya steroidi kali kwa muda uliopangwa, kalsipotrioli, mafuta ya kulainisha, na kwa kichwa dawa ya kulegeza magamba. Ikizidi, kuna tiba ya mwanga na kuna metotreksati. Ila viganja na nyayo tunavihesabu tofauti, kwa sababu mtu asiyeweza kushika wala kukanyaga hana ugonjwa mdogo hata kama ni asilimia 4. Hapo, au nywele zinapong'oka, au ngazi za chini zikishindwa, tunakaa na daktari wa tumbo kuzungumza kubadili kundi la dawa. Kuhamia dawa nyingine inayofunga TNF hiyo hiyo mara nyingi hurudisha yale yale. Ustekinumabu inapita njia nyingine, inatibu Crohn, na inatibu soriasisi pia.

Jambo moja la hatari: asikupe mtu prednisoloni ya vidonge ili "kukausha" hivyo vipele. Siku unapoipunguza, soriasisi inaweza kulipuka usaha mwili mzima.

---

#6 | MamaNaila

Nimesoma huku nalia. Daktari, miezi mitatu hakuna aliyeniambia neno hili.

Nina maswali mawili. Mwanangu atapata? Na nikibadilishiwa dawa, tumbo litarudi nyuma? Sitaki kudanganya, nikiambiwa nichague kati ya viganja na tumbo, nitachagua tumbo.

---

#7 | DaktariNgozi_Moshi

Haiambukizi. Mshike mtoto.

La pili ni la daktari wako wa tumbo, na usiende kwake peke yako na habari za mdomo. Aliyekuona ngozi aandike, na wazungumze wenyewe kwa wenyewe. Ukiwa katikati kama tarishi, kila mmoja atalinda kiungo chake.

---

#8 | Zawadi_Minneapolis

Dada MamaNaila, mimi ni wewe wa miaka mitano iliyopita. Nimezaliwa Bukavu, naishi Minneapolis. Infliksimabu mwaka mmoja na nusu, halafu kichwa na mikunjo yote, hata kitovuni. Nilikuwa nafunga kitambaa kanisani ili watu wasione mabega yangu yamejaa unga. Hata huku daktari wa kwanza alisema ni mba, akanipa shampuu. Daktari wa pili alikuwa mwanamke mweusi, alinigusa kichwa kwa vidole vyake kabla hajaniuliza jina la dawa. Alijua.

Walinitibu ngozi kwanza miezi minne bila kuacha dripu. Ilipunguka nusu, haikuisha. Ndipo wakanipeleka ustekinumabu: dripu moja ya mwanzo, wakipima kwa kilo zangu, halafu sindano ya miligramu 90 chini ya ngozi kila wiki 8. Tumbo halikurudi nyuma. Ngozi ilichukua kama miezi mitatu kusafika. Najua wapo ambao tumbo liliwasumbua wakati wa kuhama, sitaki kukuahidi la kwangu.

Nataka kuongeza mambo mawili ambayo watu wa ngozi yetu tunaoishi mbali na nyumbani tunayajua kwa kuumia. Moja ni mkanda wa jeshi. Nilipata kwenye mbavu nikiwa kwenye infliksimabu, malengelenge upande mmoja tu, maumivu kama kuunguzwa. Nikadhani ni mzio, nikapoteza siku tatu, na dawa yake inataka ianze mapema. Ukiona malengelenge yamejipanga upande mmoja wa mwili, kimbia siku hiyo. Ipo chanjo ambayo si ya virusi hai, niliipata baadaye.

Pili ni chanjo ya homa ya manjano. Ile ni ya virusi hai, mtu aliye kwenye dawa hizi hachanjwi. Nilipotaka kwenda kuwaona wazee nilikaribia kuchomwa kliniki ya wasafiri kwa sababu sikusema natumia nini. Ukiwa ulichanjwa zamani, cheti chako tangu 2016 kinahesabika cha maisha, kitafute kwenye masanduku. Ukiwa hukuchanjwa, daktari anaandika msamaha wa kitabibu kwenye kile kijitabu cha njano, na unauliza kabla ya kukata tiketi kama nchi unayopitia au unayokwenda inaukubali.

---

#9 | MwalimuMstaafu_Tanga

Wanangu, nimeusoma uzi huu wote na nimeona kuna upande haujaguswa. Mnazungumza ngozi inayoharibiwa na dawa. Mimi nilikuwa na ngozi iliyoharibiwa na ugonjwa wenyewe, na waliokuwa wananihudumia wakadhani vinginevyo.

Nina kolaitisi ya vidonda, yaani vidonda vya utumbo mpana, mwaka wa 15. Mwaka mmoja nilijigonga ugoko kwenye kona ya dawati. Pakaota kijipele. Baada ya siku nne kikawa kidonda, kikachimba kama kinaliwa na mchwa kwa ndani, kingo zake zambarau zimening'inia. Hospitali fulani wakasema nyama imeoza, wakaikata. Kidonda kikawa mara mbili. Wakakata tena. Kikafika karibu na goti. Kila walipokisafisha kwa kisu kilikuwa kama wamekipa chakula. Walianza kuzungumza habari ya kukata mguu mbele ya mke wangu.

Kijana mmoja daktari, alikuwa mafunzoni tu, akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mzee, choo chako kikoje?" Nikamwambia kina damu miezi miwili. Akakaa chini. Akasema hiki kinaitwa pioderma gangrenosamu, kinafuatana na tumbo lako, na kisu ni adui yake. Nilipewa steroidi, baadaye nikapata infliksimabu, na kidonda kile kikafunga. Kovu ninalo, mguu ninao.

Kwa hiyo mjue: dawa ambayo kwa MamaNaila imeleta ngozi mbaya, kwangu ndiyo iliyoponya ngozi. Daktari ni vema atuandikie tofauti zake.

---

#10 | DaktariNgozi_Moshi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Huyo kijana alistahili cheti.

Kwa haraka. Kidonda cha Mwalimu huanza kama kijipele, kinauma kuliko ukubwa wake, kinakua kwa siku, na kinazidi kikikatwa. Cha pili kinachofuata tumbo ni vivimbe vigumu vyenye maumivu kwenye ugoko wa miguu yote miwili, havitoboki, vinaacha alama kama ya kugongwa, erithema nodosamu. Hivyo vikija tumbo huwa limechafuka, na ukilituliza vinaondoka. Ila hapa kwetu vivimbe hivyo vinaweza pia kuwa mlango wa kifua kikuu, kwa hiyo havipiti bila picha ya kifua.

Na kwa kuwa kifua kikuu kimetajwa: yeyote anayeanzishiwa dawa za kufunga TNF lazima apimwe kwanza, kifua na kipimo cha ngozi au cha damu, pamoja na homa ya ini B. Ukiwa na kifua kikuu kilicholala, unaanza dawa zake kabla ya dripu. Uvimbe wa shingoni au kidonda cha ngozi kisichopona ukiwa ndani ya dawa hizi kipimwe kifua kikuu hata kama kikohozi hakuna.

---

#11 | Ngosha_Sengerema

Daktari samahani naingilia. Mdogo wangu ana ualbino na ana kolaitisi ya vidonda. Anatumia azathioprini. Nimesoma jina hilo hapo juu nikashtuka, kuna shida yoyote na ngozi yake?

---

#12 | DaktariNgozi_Moshi

Ngosha, umefanya vizuri kuuliza. Ndiyo, kuna la kuzungumza, na mapema. Azathioprini huifanya ngozi idhurike zaidi na jua, na ikitumika miaka inaongeza saratani za ngozi hata kwa watu wasio na ualbino. Kwa mdogo wako, ambaye ngozi yake haina kinga ya asili, hatari hiyo inapanda juu ya hatari nyingine. Asiiache ghafla. Apelekwe kwa daktari wake na swali moja: je, kuna dawa nyingine ya kututulizia tumbo isiyo ya kundi hili? Vedolizumabu, kwa mfano, inafanya kazi yake zaidi kwenye utumbo, ingawa bei yake si ya kila mtu.

Wakati huo huo kofia pana, mikono mirefu, na krimu ya jua. KCMC tunatengeneza KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kliniki zinazowafuata walipo huigawa. Ulizia chama cha watu wenye ualbino mkoani kwenu. Na akaguliwe ngozi nzima, masikio na midomo vikiwemo, angalau kila miezi sita. Kidonda kisichopona kwa mwezi kikatwe kipande kipelekwe maabara.

---

#13 | BintSalim | Muscat

Na kina mama wajawazito wanaotumia dawa hizi msisahau. Dawa inapita kwenda kwa mtoto na inakaa naye miezi. Nyumbani mtoto anachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, siku anayozaliwa, ile alama ya bega, nayo ni chanjo hai. Mtoto wa mama aliyekuwa kwenye infliksimabu anacheleweshwa. Ulaya wanasema hadi miezi 12 kwa dawa hii. Mwambieni mkunga kabla ya uchungu, na liandikwe kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, kwa sababu muuguzi wa zamu ya usiku hatajua.

---

#14 | MamaNaila | wiki mbili baadaye

Nimerudi na majibu.

Nilikwanguliwa: hakuna fangasi. Wakachukua kipande cha ngozi pembeni ya kiganja, maabara wakaandika mabadiliko yanayofanana na soriasisi. Nilimwambia daktari wa ngozi kama nilivyoelekezwa humu, naomba umpigie daktari wangu wa tumbo nikiwepo. Alipiga. Walizungumza dakika kumi, sikuelewa yote, ila nilisikia neno "viganja" mara nyingi.

Mpango: marhamu kali usiku, nafunga mikono kwa nailoni na soksi za pamba, kalsipotrioli asubuhi, dawa ya magamba kichwani mara tatu kwa wiki, na dripu ya kumi na moja naipata kama kawaida. Tukiona haitulii, tunahama.

Zile krimu za dukani nimezitupa zote.

---

#15 | Mnyakyusa_wa_Kyela

Dada nimefurahi sana. Na nakuomba radhi kwa ushauri wangu wa mwanzo, ningekuingiza kubaya. Mwanangu ana ugonjwa wa tumbo unaofanana na wenu, anapimwa mwezi ujao Mbeya. Uzi huu nimeuchapisha, nitaubeba.

---

#16 | MamaNaila | miezi mitano baadaye

Watu wamenitumia ujumbe kuuliza, nimeona niandike hapa.

Marhamu ilisaidia nyayo. Viganja na kichwa vilikataa. Baada ya dripu ya kumi na moja usaha ukawa mwingi zaidi, na upande wa kushoto wa kichwa nikapata uwazi wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Madaktari wakakubaliana kuhama. Bima ilikataa mara ya kwanza, kwa maelezo kwamba dawa niliyo nayo "inafanya kazi". Ni kweli, kwenye tumbo inafanya kazi. Daktari wa ngozi akaandika barua ya kurasa mbili na kubandika picha za mikono yangu. Ikapita mara ya pili, baada ya wiki tano za simu.

Siku ambayo ningepata dripu ya kumi na mbili nikapata ustekinumabu, miligramu 390 kwa kilo zangu 58. Wiki 8 baadaye sindano ya kwanza. Wiki ya tatu hivi tumbo lilinisumbua, siku nne, nikaogopa sana, likatulia.

Mikono yangu imefunga. Madoa meusi yapo, daktari anasema hayo ni kivuli cha uvimbe uliopita, kwenye ngozi yetu yanakaa miezi mingi, nisiyapake kitu cha kuchubua. Nywele zinaota, laini kama za mtoto mchanga. Msusi wangu amekataa kunisuka mpaka zifike vidole viwili, anasema nywele changa hazivutwi. Jumamosi nilikata limao kwa ajili ya samaki. Sikuvaa glavu.

---

#17 | Neema_Dodoma

Nimeupata uzi huu kwa kutafuta. Mimi niko mwezi wa pili wa adalimumabu, na jana nimeona doa moja nyuma ya sikio, lina gamba. Sitaki kumsumbua daktari kwa doa moja. Nisubiri?

---

#18 | MamaNaila

Usisubiri, mdogo wangu, na usipake kitu. Simama karibu na dirisha mchana, mtu akupige picha, aweke sarafu ya shilingi mia kando ya doa ili ukubwa uonekane. Andika tarehe uliyoliona na tarehe ya sindano yako ya mwisho. Angalia kitovuni, kwapani na chini ya matiti, uandike ulichokuta hata kama hakuna. Kisha mtumie daktari wako leo. Sindano inayofuata usiiruke mpaka akujibu. Ukishapata jibu uniandikie hapa hapa, nitakuwa naangalia.